Kufomati siyo kufuta, na kufuta siyo kufutika

Juzi nilikuwa Mwanga, hapa Kigoma, pale kwa fundi, nimepeleka chaja, akaingia mama mmoja na laptopu ameifunga kwenye kitenge. Anamuuzia shemeji yake. "Mwanangu nifutie vyote, kuna mambo ya kikoba humo, majina ya watu na madeni yao." Fundi akachomeka flashi, akaanza kuipiga Windows mpya, kwenye ile hatua ya kuchagua diski akabonyeza fomati, ikachukua sekunde kama tano, akamwambia, "Tayari mama, nishafuta kila kitu, bado Windows tu imalizie. Hapo hata polisi hawatoi kitu." Mama akashukuru akasema anashuka sokoni kutafuta mgebuka, atapitia akirudi.

Hii kauli ya "nishafuta kila kitu" nimeisikia mara nyingi mno mjini hapa, kwa mafundi, kwa watu wa stationery, hata kwa jamaa waliosomea kabisa. Kwa hiyo naandika.

Maana yenyewe ya kufuta diski haina mambo mengi. Programu ya kufuta diski ni ile inayopita kwenye diski nzima, mwanzo mpaka mwisho, inaandika sifuri au herufi za ovyo ovyo juu ya kila kilichokuwepo, na iliyo nzuri inarudi kusoma tena kuhakikisha kweli imeandika. Basi. Za bure zipo: nwipe, ambayo ukitaka kuiwasha moja kwa moja kutoka kwenye flashi unachukua ShredOS, na ukiwa kwenye Linux (mfumo wa kompyuta kama ilivyo Windows) kuna amri ya shred. Wakubwa wenzangu wanaikumbuka DBAN, ila toleo lake la mwisho ni la 2015, na kampuni ya Blancco iliyoichukua 2012 inauza bidhaa yake nyingine ya kulipia. Nwipe imetokana na ile ile injini ya DBAN, kwa hiyo anza na hiyo.

Sasa tuje kwenye neno, manake shida yote iko hapo.

Kiswahili chetu kina kufuta mbili na tunazitumia kila siku bila kuona tofauti. Kuna kufuta kwa kitambaa: unafuta meza, unafuta ubao, unafuta jasho, na ukimaliza kile kitu hakipo, kimehamia kwenye kitambaa. Alafu kuna kufuta kwa daftari: unafuta kesi, unafuta leseni, chama kinafutwa usajili. Chama kikifutwa usajili wanachama wake hawayeyuki, wako majumbani kwao wanakula ugali, kilichoondoka ni mstari kwenye daftari la msajili. Kompyuta ikikuandikia "faili limefutwa" inasema kufuta kwa daftari, wewe unasikia kufuta kwa kitambaa. Hapo ndipo watu wanapoumia.

Na lugha yenyewe imeshatupa dawa, ni ile -ik- tu. Kufuta ni kazi ya mtu, kufutika ni hali ya kitu. Unaweza kufuta doa la mawese kwenye shati jeupe mpaka mkono uume na lisifutike, kila mtu wa Kigoma analijua hilo. Kwa hiyo mtu akikwambia nimefuta, yuko sawa, amefanya kitendo. Swali la pili ndiyo lenye maana, imefutika?

Fikiria lodge. Mapokezi kuna daftari la wageni, chumba namba 7 yumo fulani. Unapofuta faili, hata ukimwaga na lile pipa la taka, kilichofanyika ni mapokezi kupiga mstari kwenye jina la mgeni na kuandika chumba kiko wazi. Mgeni hajaamshwa, kalala zake na mabegi yake. Ataondoka siku mgeni mwingine akipangiwa chumba hicho hicho, na hiyo siku inaweza kuwa kesho au mwakani, inategemea lodge inajaa kiasi gani. Na kufomati? Kufomati haraka haraka kama alivyofanya fundi ni kuchana daftari zima na kununua daftari jipya. Mapokezi kunapendeza kweli, kurasa nyeupe. Vyumbani watu wanakoroma.

Mtu asiye na daftari anaweza kupita korido akigonga mlango mmoja mmoja, na ndivyo inavyofanya kazi PhotoRec, programu ya kufufua mafaili, nayo ya bure. Haijali orodha ya mafaili, inasoma diski yenyewe ikitafuta alama za mwanzo wa faili, mfano picha ya JPEG inaanza na FF D8 FF. Mwaka jana nilinunua diski ya mtumba "iliyofutwa", nikaiachia PhotoRec usiku, asubuhi nikakuta send-off ya watu nisiowajua kuanzia keki mpaka bwana harusi kusinzia, pamoja na kopi za vitambulisho vya NIDA. Niliifuta ikafutika. Siyo mimi tu, mwaka 2003 Garfinkel na Shelat wa MIT kule Marekani walichapisha matokeo ya diski 158 za mtumba walizonunua: 129 zilisomeka, na kati ya hizo 12 tu ndiyo zilikuwa zimesafishwa inavyotakiwa.

Neno fomati lenyewe halijawahi kudai kwamba linafuta. Linatoka kwenye Kilatini, forma, umbo, na formatus ni kitu kilichopewa umbo. Kufomati ni kuiumbia diski mpangilio mpya, kama kuchora mistari kwenye shamba kabla ya kupanda, magugu yaliyokuwepo ni habari nyingine. Tumelibebesha sisi tu. Ambalo lilikuwa na maana ya kuondoa kweli ni lile la Waingereza la erase, linalotoka kwenye eradere ya Kilatini, yaani kukwangua, enzi hizo maandishi yako kwenye nta au ngozi na ukitaka yaondoke unachukua kisu unakwangua. Waliowahi kukwangua vocha wanaielewa vizuri zaidi kuliko fundi wangu.

Kwa haki yake niseme, kuna fomati inayofuta. Kuanzia Windows Vista, ukitoa ile tiki ya fomati ya haraka, inaandika sifuri diski nzima. Ila ile ya kwenye kupiga Windows ni ya haraka, na hata hesabu inakataa. Diski ya mzunguko (ile ya sumaku, HDD) ya GB 500 inaandika labda MB 100 kwa sekunde, gawanya mwenyewe utapata sekunde 5,000, karibu saa moja na nusu. Sasa wewe umetumia sekunde tano. Umeandika nini?

Wengine nao wamekimbilia upande wa pili, wanakwambia lazima upite ukiandika juu ya diski mara 35. Hiyo 35 ilitoka kwenye makala ya 1996 ya Peter Gutmann, mtaalamu wa usalama wa kompyuta, na zile duru ziliwekwa ili kukidhi aina mbalimbali za uandishi wa diski za zamani, haikukusudiwa diski moja ipigwe zote. Mwenyewe baadaye aliandika kwamba watu wameigeuza kama uganga wa kufukuza pepo. Mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, lile toleo la 2014, ulisema kwa diski za sumaku za siku hizi kuandika juu mara moja kwa kawaida kunatosha. Moja. Na huku umeme unavyokatika ukiweka 35 utamaliza mwakani.

SSD, zile diski za chipu zisizozunguka, ndiyo ina ukorofi wake. Humo ndani kuna meneja wa lodge anayehamisha wageni kila saa ili vyumba vichakae sawasawa, alafu namba za milangoni anazibadilisha bila kukuambia. Wewe unaagiza osha chumba namba 7, anaosha chumba kingine kabisa na kukibandika namba 7, kile cha zamani kimebaki na uchafu wake, na kuna vyumba vya akiba ambavyo kwenye daftari lako havipo. Kwa hiyo kuandika juu kwa nwipe au shred peke yake hakukupi uhakika. SSD nyingi zina amri yao ya ndani ya kujifuta, unaiita kwa programu za Linux, hdparm, au nvme kwa zile mpya, hapo meneja mwenyewe ndiyo anasafisha. Flashi na memori kadi mara nyingi hazina hata hiyo amri. Kama ina siri za watu, nyundo.

Na hili la bure, kwa kifupi tu. Programu hizi ni za bure lakini siyo bure ya "kazi bure". Ni programu huru, maandishi yake ya ndani (code) yako wazi, ukitaka kujua kama kweli inaandika sifuri unafungua unasoma, au unampa anayejua kusoma. Ile ya kulipia iliyovunjwa anayokugawia jamaa kwenye flashi siyo huru hata kidogo, na mimi siwezi kuikabidhi diski ya mtu.

Basi nikamwambia fundi haya haya, taratibu, kwa kifupi kuliko nilivyoandika hapa. Akanibishia kidogo. Nikamwambia weka PhotoRec tuone, dakika kumi tu tukaona faili la kikoba, akalifunga haraka bila kulisoma, nikamheshimu kwa hilo. Akawasha ShredOS, duru moja, ile namba ya asilimia ikaanza kutambaa kama treni ya Dar.

Mama akarudi na samaki wake. "Bado tu mwanangu? Si ulisema ushafuta?"

"Hapana mama, nilikuwa nimefomati. Sasa hivi ndiyo nafuta, pitia kesho asubuhi itakuwa imefutika."