Fabriano, mji wa nyundo na karatasi

Mpe muuza duka noti ya elfu kumi usiku, uone atakachofanya kabla hajakurudishia chenji: ataiinua kwenye taa. Anaitafuta sura ya Mwalimu, ile hafifu iliyomo ndani ya karatasi yenyewe, si iliyochapwa juu yake. Mimi nami hushinda nikifanya hivyohivyo, ila karatasi zangu ni kuukuu. Kazi yangu ni kukarabati hati za kale, na kila ukurasa unaofika mezani kwangu hulazwa kwanza juu ya kioo chenye taa chini yake, tuone umetoka wapi. Ukiifuatilia asili ya hizo alama za maji utafika mji mmoja wa Italia ambao wengi wetu tumeuona kwenye jalada la daftari la kuchorea tu: Fabriano.

Upo katika jimbo la Marche, ndani ya milima ya Apennini, na wakazi wake ni kama 30,000. Katikati kuna uwanja wenye jumba la mtawala lililojengwa 1255 na chemchemi ya mawe ya 1285, na ukiwa mtalii wa haraka utakuwa umeshamaliza kabla kahawa haijapoa. Usiondoke bila kuitazama nembo ya mji. Imechorwa mhunzi aliyesimama darajani, mto ukipita chini, nyundo mkononi, anafua chuma. Habari yote ya Fabriano imo kwenye ile nyundo.

Karatasi haikuzaliwa hapo. Waliibuni Wachina, Waarabu wakaipokea katika karne ya 8, wakaivusha Afrika Kaskazini hadi Hispania, na Waitaliano wakaidaka kutoka kwao. Lugha haijasahau. Sisi tunasema karatasi, kutoka qirtas ya Kiarabu. Mwitaliano akinunua rimu dukani huomba risma, nalo ni neno la Kiarabu, rizma, yaani mtumba au furushi. Rimu yetu nayo ni tawi la mti huohuo, iliyotufikia kwa kuzunguka kupitia Kiingereza.

Lakini karatasi ile ya mwanzo ilikuwa na kasoro. Ilitengenezwa kwa matambara ya kitani na katani, yaliyolowekwa na kutwangwa mpaka yawe rojo. Wengi walitwanga kwa mkono, kinu na mchi, na aliyewahi kutwanga mahindi ya shughuli anajua mikono inavyochoka na unga unavyobaki na chenga. Kisha karatasi ilipakwa wanga ili wino usisambae. Sasa wanga ni chakula. Unyevu ukiingia, kuvu na wadudu hula mpaka washibe. Ndiyo maana mwaka 1231 Kaisari Frederick II alikataza hati za serikali yake kuandikwa kwenye karatasi, akaamuru ngozi. Hakuwa mkaidi, aliona hati zikioza.

Mafundi wa Fabriano, katika nusu ya pili ya karne ya 13, walikuwa tayari na vitu viwili: wahunzi, na mto Giano unaokwenda kasi. Wakaunganisha. Gurudumu la maji lilizungusha gogo lenye meno, na kila jino likainua nyundo nzito ya mbao na kuiachia idondoke kwenye birika la mawe. Nyundo za kwanza zilipigiliwa misumari mirefu yenye makali ili zichane matambara, zilizofuata misumari mifupi, na za mwisho zilikuwa bapa, za kulainisha tu. Nimesimama karibu na mfano wake katika jumba la makumbusho la karatasi, ndani ya iliyokuwa nyumba ya watawa wa Mtakatifu Dominiko. Zikianza kupiga, unazisikia kwanza kwa nyayo, ndipo masikio yafuate.

Waongoza watalii hupenda kusimulia alama ya maji. Kwangu mimi jambo kubwa ni gundi. Mji ulikuwa na watengeneza ngozi, na mabaki ya ngozi yakichemshwa hutoa jelatini. Mafundi waliacha wanga, wakaanza kuchovya karatasi kwenye jelatini hiyo na kuzianika tena darini. Kuvu ikakosa mlo wake wa bei rahisi, na kalamu ikateleza bila wino kutambaa. Hata leo, ukishika pembe ya ukurasa wa miaka 600 uliopata jelatini ya kutosha na kuutikisa kidogo, unalia kama kitambaa kipya cha kanga kabla hakijafuliwa. Nikisikia mlio huo, napumua. Nikiukosa, najua wiki hiyo nitakesha.

Alama ya maji yenyewe ni kitu rahisi kuliko watu wanavyodhani. Karatasi huchotwa kwa fremu yenye wavu wa waya: unaizamisha kwenye rojo, unaiinua sawasawa, maji yanachuruzika. Mtu akishona juu ya wavu kipande cha waya chenye umbo la msalaba au ua, rojo huwa jembamba pale waya ulipo, na mwanga hupita zaidi. Basi. Mwanasheria Bartolo wa Sassoferrato, mji jirani kabisa, aliyefariki 1357, aliandika kwamba karatasi ya Fabriano huwa na alama, na kwa alama hiyo watu hujua imetoka karakana gani. Kwake lilikuwa swali la mahakamani: mwenye haki ya alama ni nani?

Nilijaribu kuchota karatasi yangu pale. Mzee aliyesimamia birika aliitazama, akacheka kwa heshima, akairudisha kwenye rojo. Upande mmoja ulikuwa mnene kama chapati.

Ufundi ulisambaa Italia nzima, na katika karne zilizofuata biashara ikageuka. Viwanda vya Venesia na jirani zake vilitengeneza karatasi maalumu kwa nchi za Waislamu, alama yake hilali tatu zilizopangwa kwa ukubwa. Karatasi za Italia za namna hiyo zilivuka Bahari ya Shamu zikafika pwani yetu, zikaandikwa kwa herufi za Kiarabu. Wanafunzi wakawa wanamuuzia mwalimu.

Nyundo haikuishia kwenye karatasi. Mwaka 1930 Aristide Merloni alianzisha kiwanda cha mizani huko Albacina, kijiji kilicho ndani ya mipaka ya Fabriano. Baada ya vita wakaingia kwenye mitungi ya gesi, kisha hita za maji zenye jina la Ariston, halafu friji na mashine za kufulia. Merloni alitawanya karakana vijijini ili watu wasihame. Wakatokea wafanyakazi walioitwa metalmezzadri: asubuhi chuma kiwandani, jioni shamba la kugawana mavuno na mwenye ardhi. Mpango huo ulilisha bonde zima kwa miongo kadhaa, na ulipoyumba bonde zima liliyumba nao. Biashara iligawanywa kwa wana watatu. Kampuni ya Antonio iliwekwa chini ya usimamizi wa serikali mwaka 2008. Ya Vittorio, Indesit, ilinunuliwa na Whirlpool ya Marekani mwaka 2014.

Karatasi nayo haikusalimika. Viwanda vya Miliani, vilivyoanza karne ya 18 na baadaye kutengeneza karatasi za noti, zikiwemo za euro, vilinunuliwa mwaka 2002 na Fedrigoni ya Verona. Mwisho wa 2024 ikatangazwa kwamba karatasi za ofisi, zile za fotokopi, hazitatengenezwa tena Fabriano. Karibu watu 200 wakaguswa. Kampuni tanzu iliyofungwa ilibeba jina la mto wenyewe, Giano. Karatasi za kuchorea zikabaki.

Kila Juni, kwenye sikukuu ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji, mitaa minne ya mji, kila mmoja kwa jina la lango lake la kale, huleta wahunzi wake kushindana. Moto unawashwa, wanaume wanavua mashati, na chuma kinafuliwa mbele ya umati.