Je, wajua kwa nini upau wa kazi hukaa chini ya skrini?

Upau wa kazi ni ule mstari wenye kitufe cha Start, ikoni za programu na saa. Siku ukihama ghafla na kusimama wima ubavuni mwa skrini, kwenye steshenari za hapa Ngamiani, Tanga, utasikia: "Fundi, mashine imeingia kirusi!"

Si kirusi. Kwenye Windows 10, ambayo watu wengi bado wanayo, upau huburutwa. Kama haujafungwa, mtu akibonyeza mahali patupu juu yake na mkono ukateleza, upau unaufuata mkono hadi ukingo mwingine. Hurudi kwa njia hiyohiyo: bofya upau kwa kitufe cha kulia cha kipanya, hakikisha chaguo la kuufunga halina tiki, kisha ubonyeze kwa kitufe cha kushoto bila kuachia na uuvute hadi chini. Ukishatulia, rudisha tiki. Hakuna haja ya kupiga Windows upya, na mteja asilipishwe kwa hilo.

Hofu hiyo inatokana na imani kwamba chini ndiko upau ulikoumbiwa kukaa. Wengine hueleza kwamba macho hupumzika huko, au kwamba mkono hufika upesi. Sababu iliyoupeleka chini ni nyingine kabisa.

Upau uliingia sokoni na Windows 95, Agosti 24, 1995. Raymond Chen, mhandisi wa Microsoft aliyeshiriki kuitengeneza, ameeleza kwamba hapo mwanzo, kabla haijatoka, upau ulikaa juu. Ulishushwa kwa ajili ya programu za zamani.

Kompyuta hupima mahali pa kila dirisha kuanzia kona ya juu kushoto: hesabu moja kwenda kulia, nyingine kwenda chini. Kona yenyewe ni sifuri kwa sifuri. Fikiria shamba la mkonge kule Muheza, lenye jiwe la mpaka kwenye kona. Vibarua wamezoea kuhesabu hatua kutoka jiwe hilo ndipo wapande. Mwenye shamba akijenga ghala juu ya kona hiyo, kibarua anayefuata hesabu yake ya siku zote ataangukia ndani ya ghala na mche mkononi. Ghala likijengwa mwisho wa shamba, hesabu yake inabaki salama.

Programu nyingi zilizoandikwa kabla ya upau kuwepo zilifungua dirisha palepale kwenye sifuri. Upau ukiwa juu, kichwa cha dirisha kilifunikwa, na kichwa ndicho kinachoshikwa ili kulisogeza dirisha. Nyingine zilikuwa na kituko kizuri zaidi. Zikifungwa, zilinakili mahali pa dirisha kwa kupima kutoka ukingo wa upau. Zikifunguliwa, zilipima kutoka ukingo wa skrini. Basi kila zikifunguliwa, dirisha lilipanda kwa kimo cha upau, likapanda tena, na tena. Upau ukiwa chini, vipimo vyote viwili vinaanzia kona moja na dirisha halihami.

Hili linaeleza kwa nini upau ulishushwa. Halithibitishi kwamba chini ndiko bora. Skrini nyingi za leo ni pana kuliko urefu wake, kwa mfano nukta 1920 kwa 1080, ilhali karatasi ya A4 imesimama. Anayechapa barua kutwa akiuweka upau ubavuni hupata mistari michache zaidi ya kusoma, na mimi naona inafaa kujaribu.

Ila ajaribu kwenye Windows 10. Windows 11 ilipotoka Oktoba 5, 2021, upau ulikuwa umeandikwa upya na ukaja bila uwezo wa kuhamia kingo nyingine. Mipangilio yake iliruhusu tu kuchagua ikoni zikae wapi, katikati au kushoto.