Kubalansi trafiki kwenye taneli mbili za VPN, maana yake hasa ni nini

Ukimwambia mtu "kubalansi trafiki" kichwani anaona mzega, yaani mti begani, dumu huku dumu kule, uzito sawa kwa sawa. Basi mtu ana tawi lake la mbali, kavuta laini mbili za intaneti, kafunga taneli mbili za VPN (njia za siri zinazopita ndani ya intaneti ya wote) kwenda ofisi kuu, kila moja mega 50 kwa sekunde, halafu anakaa kusubiri mega 100. Anadaunlodi faili moja kubwa anaona 47, 48, hapo hapo. Anarudi kwenye konfigi anachokonoa mpaka usiku akidhani kakosea sehemu. Wala hajakosea kitu, jina la hii dhana ndo linadanganya.

Taneli yenyewe kwanza, haraka haraka. Pakiti yako, yaani kipande kidogo cha data, inafungwa kwa enkripsheni (inafichwa kwa msimbo) na kutiwa ndani ya pakiti nyingine, hiyo ya nje ndo inasafiri kwenye intaneti ya kawaida, ikifika upande wa pili inafunguliwa na ile ya ndani inaendelea na safari yake. Kwa hiyo kuna pakiti ya ndani na pakiti ya nje, shika hilo maana litarudi huko chini. Sasa kubalansi ni pale rauta inapokuwa na njia mbili za kwenda mtandao uleule, zote inaziona zina gharama sawa, kwa hiyo inazitumia zote badala ya kuchagua moja na kuiacha nyingine imelala. Wenye fani wanaiita ECMP, equal-cost multipath, yaani njia nyingi zenye gharama sawa.

Swali linalofuata ndo lenye utamu: inagawa nini? Wengi wanajibu pakiti, hii huku, hii kule, kama kugawa karata. Inawezekana, na kuna vifaa vinafanya hivyo ukitaka, ila taneli mbili zinazopita laini tofauti haziwezi kuwa na mwendo uleule hata siku moja, kwa hiyo pakiti ya tano, ya sita na ya saba zinafika kabla ya nne, na TCP, utaratibu unaohakikisha data inafika yote na kwa mpangilio, ina kanuni yake kwamba mtumaji akipokea majibu matatu yanayojirudia kudai pakiti ileile basi anajua imepotea, anaituma tena na anapunguza mwendo. Haijapotea, iko njiani, lakini adhabu imeshatolewa. Unaweza ukajikuta na mwendo mdogo kuliko ungetumia laini moja. Na simu za intaneti ndo usiseme, sauti inakatika katika.

Ndo maana rauta nyingi zinagawa mazungumzo, sio pakiti. Inachukua vitu vitano: anwani ya anayetuma, anwani ya anayepokea, protokali (aina ya mawasiliano, kama TCP), poti ya huku na poti ya kule (namba za programu zinazoongea), inavipiga hashi, yaani hesabu inayotoa jibu lilelile kwa vitu vilevile, jibu linasema taneli A au taneli B. Vitu hivyo vitano havibadiliki mpaka mazungumzo yaishe, kwa hiyo yakianza kwenye A yanaishia kwenye A. Sasa rudi kwa yule wa faili moja: faili moja ni mazungumzo moja, mazungumzo moja ni taneli moja, taneli moja ni mega 50. Hesabu imefunga.

Kwa hiyo faida yake inaonekana kwenye wingi. Tawi lenye watu 40 kila mmoja kafungua vitu kumi, hashi itagawa vizuri tu. Tawi lenye bakapu tatu kubwa usiku, zote tatu zinaweza kuangukia taneli moja na nyingine ikabaki inapigwa na upepo, na hapo hakuna aliyekosea, hashi haijui ukubwa wa mzigo, inajua anwani na poti basi.

Na hata hiyo ya vitu vitano usiichukulie poa. Kwenye rauta inayoendeshwa na Linux, usipogusa settingi za kuanzia kwa IPv4, hashi inaangalia anwani mbili tu, ya anayetuma na anayepokea, poti haizisomi. Sasa ukiwa umeweka NAT (inayoficha anwani za wote nyuma ya anwani moja) kwenye tawi kabla trafiki haijaingia kwenye taneli, watu wote 40 wanaonekana ni anwani moja, wakienda kwenye seva moja ya ofisi kuu jibu la hashi ni lilelile kila siku, taneli moja inaumia nyingine inasinzia. Dawa ni kuiweka net.ipv4.fib_multipath_hash_policy iwe 1, isome na poti.

Haya, sasa kile ambacho naona watu wanakiruka na kwangu ndo kiini cha jambo zima. Rauta inaamua njia ya kile inachokituma, haina sauti kwenye kile inachotumiwa. Trafiki ya tawi la mbali kwa kawaida ni ya kuvuta, watu wanafungua mafaili, ripoti, mifumo, vyote viko ofisi kuu, kinachotoka tawini ni maombi madogo madogo na majibu ya TCP. Sasa wewe umekaa tawini umekonfigi rauta yako vizuri kabisa, maombi yanagawanyika A na B safi, ila rauta ya ofisi kuu inajua njia moja tu ya kurudi kwako, ile A. Mzigo wote mzito unashuka A. Ukiangalia grafu unaona A imejaa na B ina vijikilobiti, unasema kubalansi hakufanyi kazi, kumbe kunafanya kazi, ila umebalansi upande wenye mzigo mwepesi. Kwenye tawi la mbali mizani ameshika mtu wa upande wa pili.

Kinachofuata hapo ni fayawali, mlinzi anayechuja trafiki. Ombi limetoka kwa A jibu linarudi kwa B, fayawali inayokumbuka koneksheni, kama imefungia kumbukumbu yake kwenye taneli moja moja, inaona jibu limetokea mlango ambao haikufungua, inalitupa. Linux nayo ina rp_filter, ukaguzi wa njia ya kurudi, ikiwa kwenye 1 na pakiti ikaingia kupitia taneli ambayo yenyewe isingeitumia kurudishia, inaitupa kimya kimya bila hata kukuandikia kwenye logi usipoiwashia. Iweke 2. Na kwenye fayawali weka taneli zote mbili kwenye zoni moja, nyingi zinaruhusu.

Halafu ile pakiti ya nje niliyosema itarudi. Nimewahi kuitwa kwenye sehemu moja wana taneli mbili, zote kijani, laini mbili zinalipiwa kila mwezi, na laini ya pili haijawahi kubeba kitu cha maana tangu ifungwe, maana pakiti za nje za taneli zote mbili zilikuwa zinafuata difolti ruti, njia ya kawaida ya kutokea nje, na difolti ruti ilikuwa laini ya kwanza. Taneli mbili bomba moja. Lazima uilazimishe kila taneli itokee laini yake, kirahisi ni kuweka ruti maalum ya anwani ya kule inakoishia, hii kupitia laini ya kwanza, ile kupitia ya pili, na kama ofisi kuu ina anwani moja tu basi uchague njia kwa kuangalia anwani ya kutokea.

Sawa kwa sawa nayo si sheria. Laini moja mega 100 nyingine 20, ukigawa nusu kwa nusu hiyo ndogo inazidiwa na nusu ya watu wanalalamika, so unaweka uzito, 5 kwa 1. Kama laini ya pili ni ya setilaiti ile ya juu kabisa, kilomita 35,786 kutoka ardhini, kwenda na kurudi inakula zaidi ya nusu sekunde, hapo mimi sibalansi kabisa, nasema simu na mifumo ya kubofya bofya ipite laini ya chini, bakapu na apdeti zipande angani.

Kuna pia ile ya taneli kufa bila kuaga. Ukiwa na taneli moja ikifa unajua, kila kitu kimesimama. Ukiwa na mbili zinazogawana, moja ikifa na rauta haijagundua, karibu nusu ya mazungumzo yanakwama nusu yanapita, mtu anakwambia tovuti hii inafungua ile haifungui, unahangaika na DNS (inayotafsiri majina ya tovuti kuwa anwani) bure. Kwa hiyo lazima kuwe na kitu kinapima uhai wa taneli. BGP, lugha ya rauta kuambizana njia, ikipita juu ya taneli inasaidia, lakini muda wa kusubiri unaopendekezwa kwenye standadi yake ni sekunde 90 na vifaa vingine huja na 180, ukitaka kugundua ndani ya sekunde moja unaongezea BFD, kipimo cha uhai kinachouliza mara nyingi kwa sekunde. Na usisahau hesabu ya dharura, kila taneli ikibeba mega 40 kwenye laini ya 50, siku moja ikianguka unasukuma 80 kwenye 50.

Wanaofunga na AWS, wingu la Amazon, wajue kila koneksheni ya Site-to-Site VPN inakuja na taneli mbili, lakini ukiishia kwenye virtual private gateway (lango la VPN la mtandao mmoja wa huko) hakuna ECMP, trafiki ya kutoka kwao inashuka taneli moja tu. Kutumia zote, njia mojawapo ni transit gateway (lango la kuunganisha mitandao mingi) na BGP. Ni hadithi ileile ya nani ameshika mizani.

Kupima usitumie faili moja. Chukua iperf3, programu ya kupima mwendo, iendeshe tawini kuelekea ofisi kuu na -P 8 ziende koneksheni nane kwa mpigo, angalia kaunta za taneli zote mbili, kisha rudia ukiongeza -R ili ofisi kuu ndo itume. Raundi ya kwanza ikigawanyika na ya pili ikashuka yote taneli moja, acha kuchokonoa rauta ya tawi, mpigie aliyeshika ile ya ofisi kuu.