Bahari sio Nalubaale kubwa: tunayodanganyana Kampala kuhusu tripu ya pwani

Kila Desemba ikikaribia simu zinaanza, eti kuna kikundi cha watu kumi wanaenda pwani ya Kenya, kuna mwongozaji, usafiri na chakula vyote ndani, niende au wataninyonya pesa? Na kabla hujamjibu mtu ashaambiwa mengi kazini na kwenye magrupu ya WhatsApp, mengine kweli, mengi ni ya kusikia tu. Sisi tumekulia kando ya ziwa Nalubaale, yaani Ziwa Victoria, na tunabeba ile akili ya ziwa mpaka Mombasa, hapo ndipo maneno mengi ya uongo yanapoanzia, na yananiuma kwa sababu yanamharibia mtu safari aliyoiwekea akiba mwaka mzima.

Kubwa kuliko yote ni hili: "Bahari ipo tu, ukifika unaingia saa unayotaka." Hapana jamani. Ukitoka Ggaba au Entebbe umezoea maji ambayo asubuhi yako pale na jioni yako pale pale. Bahari ya Hindi inajaa na kupwa mara mbili kwa siku, yaani kila baada ya saa sita hivi maji yanageuka, na kesho yake saa zinasogea mbele kwa karibu dakika 50 kwa sababu yanafuata mwezi, kwa hiyo saa uliyoogelea Jumatatu sio saa utakayoogelea Alhamisi. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa kule Mombasa inapita mita 3. Mita tatu za kwenda juu, sasa fikiria ufuo ambao hauna mteremko mkali, maji yanarudi nyuma mbali sana, unabaki unatazama mchanga na mwani na mashua zimelala ubavu.

Ndio maana ratiba ya kikundi kizuri inaonekana ya ajabu, leo mnatoka saa 12 asubuhi, kesho saa 4, keshokutwa mnaambiwa pumzikeni mpaka mchana, na watu wanalalamika kwamba mwongozaji hana mpango. Mpango anao, anausoma kwenye jedwali la maji. Pale Mida Creek karibu na Watamu, maji yakijaa mnapanda mtumbwi mnapita katikati ya mikoko, yakipwa hakuna mtumbwi lakini mnaona kaa wanatoka kwenye matope na ndege wa kila aina wanakuja kula. Kule Kisite, hifadhi ya bahari upande wa kusini, kuna fungu la mchanga mweupe ambalo maji yakipwa linatokea katikati ya bahari mnashuka mnapiga picha, yakijaa halipo tena. Ukifika saa isiyo yake utasema umedanganywa, kumbe ni saa tu.

Kuna siku tumekaa ufuoni, boti imekaa kwenye mchanga, na mama mmoja wa Mbarara akamwuliza nahodha, "Nahodha, mbona tunakaa na boti ipo?" Akamjibu kwa upole, "Mama, boti ipo ila maji hayapo, tuvumilie kidogo yanakuja." Na kweli yakaja, kwanza povu likagusa tezi, yaani nyuma ya boti, halafu kamba ya nanga ikaanza kukaza na kulegea, mara boti ikatikisika upande mmoja, ikanyanyuka yenyewe bila mtu kuisukuma. Yule mama alisimama akaangalia mwanzo mpaka mwisho. Kwa mtu wa ziwani hiyo peke yake ni ziara, sasa anayekuuzia tripu akisema kuogelea ni wakati wowote, jua huyo hajui pwani au hajali.

Tukiwa bado kwenye maji, kuna wanaosema "mimi naogelea ziwani, baharini sihitaji jaketi la kuelea". Ni kweli maji ya chumvi yanakubeba kuliko ya ziwa, na ni kweli kule hakuna kichocho wala mamba kama tunavyoogopa Nalubaale, lakini kuna mkondo, hasa pale maji yanapotoka kwa kasi kupitia nafasi za kwenye mwamba, na mkondo haukuulizi ulijifunzia wapi. Vaa jaketi. Na viatu vya maji beba, kuna vile viumbe vyenye miiba mirefu myeusi vinakaa kwenye mawe, ukikanyaga siku yako imeisha.

Halafu mawe yenyewe. "Matumbawe ni mawe, simama tu juu yake upumzike." Hii naisikia kila mara na inaniuma kabisa. Matumbawe ni wanyama, wadogo wadogo maelfu wanaishi pamoja na kujijengea ule ugumu unaouona, na aina nyingine zinakua kama sentimita moja tu kwa mwaka, kwa hiyo kipande ulichovunja kwa kisigino dakika moja kimechukua miaka mingi kujengeka. Mwaka 1998 joto la bahari lilipanda wakati wa El Niño na matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yakapauka yakafa, yanayoonekana sasa Watamu na Malindi ni yale yaliyopona na yaliyoota upya, kwenye hifadhi zilizolindwa tangu 1968. Kwa hiyo mwongozaji akikukemea usisimame, au usinyanyue kiti cha pweza, yule mnyama wa umbo la nyota, kutoka majini kwa ajili ya selfi, hajakukosea heshima. Wala kombe na simbi usizokote ndani ya hifadhi, ni marufuku, na zile zinazouzwa ufuoni mimi nakuomba usinunue.

Msimu nao. Watu wanadhani pwani ni jua mwaka mzima. Kuanzia Aprili mpaka kama Septemba inavuma kusi, mawimbi yanakuwa makubwa, maji yanachafuka, mwani unajaa ufuoni, na mvua kubwa inapiga Aprili na Mei, wakati kaskazi, kuanzia Desemba mpaka Machi, bahari inatulia na chini unaona vizuri. Likizo ya shule ya Mei bei ni rahisi kwa sababu hiyo. Mimi sisemi usiende Mei, majengo ya kale hayajali upepo, ila usilipie boti ya kuona samaki halafu ushangae.

"Mombasa ndio pwani, siku tatu zinatosha kuona yote." Mombasa ni kisiwa. Diani iko kama kilomita 30 kusini, Shimoni na Wasini mbele zaidi, Watamu ni zaidi ya kilomita 100 kaskazini, Lamu ni safari nyingine kabisa. Kikundi kinachokuahidi Fort Jesus, Diani, Malindi na Lamu kwa siku tatu kitakuonyesha barabara. Chagua upande mmoja.

Sasa pesa, maana ndiyo inaleta ubishi. Wanasema kikundi kidogo ni cha wazungu na matajiri. Siwezi kukataa kwamba basi la watu 60 kwa kila kichwa ni rahisi zaidi. Lakini boti inakodiwa nzima, mkiwa wawili mnaumia, mkiwa wanane au kumi mnagawana na bado kila mtu ana nafasi na jaketi lake. Na nenda Gedi, karibu na Watamu, ndio uelewe. Ule ni mji wa Waswahili uliohamwa karne ya 17, umezungukwa na msitu, una msikiti, jumba la kifalme, visima, na mwaka 2024 UNESCO imeuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia. Nyumba zake zimepewa majina ya vitu vilivyochimbuliwa humo, kuna ya mkasi, kuna ya ushanga wa Venice, kuna ya pesa za Kichina, na mwongozaji anakuonyesha mlango mwembamba na kisima kilipo huku anaeleza watu walivyoishi. Mkiwa kumi wote mnasikia na mnauliza. Mkiwa 60 wale wa nyuma wanaona kuta na tumbili, wanarudi Kampala wanasema Gedi hakuna kitu.

Na kusema pwani ni ya wazungu, banange, ile reli iliyoitwa ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa 1896 ikafika ziwani 1901, na mpaka leo mafuta na magari yetu mengi yanapitia bandari hiyo hiyo. Kule Wasini, njia ya mbao juu ya bustani ya matumbawe inasimamiwa na akina mama wa kisiwa, na wanakupokea kwa Kiswahili. Wengine wanaogopa Kiswahili chetu kitachekwa. Nimeona wazee wa Mji wa Kale wakimsikia Mganda anasema shikamoo wanaitikia marahaba na kumvutia kiti. Vaa tu kwa heshima kwenye mitaa hiyo, leso begani inatosha, na omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha.

Mpakani usitishwe na wanaosema lazima pasipoti na viza. Tangu 2014 Mganda anaingia Kenya kwa kitambulisho cha taifa, na ile ruhusa ya mtandaoni iliyoanza Januari 2024 haituhusu sisi Waganda. Mtoto asiye na kitambulisho ndiye wa kutafutiwa hati mapema. Kadi ya njano ya chanjo beba. Busia tangu 2018 mnagongewa mihuri ya nchi zote mbili kwenye jengo moja.

Kitu kinachowakamata wengi ni buveera, yaani mifuko ya plastiki. Hapa kwetu unafungiwa rolex, ile chapati ya mayai, kwenye kaveera bila mtu kukuangalia, Kenya mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017, faini inaweza kufika shilingi milioni 4 za Kenya au kifungo, na tangu Juni 2020 hata chupa za maji za kutupa haziruhusiwi kwenye hifadhi na fuo zinazolindwa. Pakia kwenye kikapu au mfuko wa kitambaa kabla hujatoka nyumbani.

Mwisho ni treni ya Nairobi kwenda Mombasa, eti unafika tu stesheni unakata. Desemba inajaa mapema. Tiketi inatoka na namba ya kitambulisho na ndicho utakachoonyesha ukifika, kwa hiyo mwandaaji akikuomba jina na namba yako wiki kadhaa kabla, mtumie siku hiyo hiyo.