Newlands alikaribia sana, kilichomwangusha ni nafasi tupu

Nafundisha kemia, na kila nikifika kwa Newlands, mwanakemia Mwingereza, darasa linacheka, mi nawaambia subirini kwanza maana huyu jamaa alikaribia kulipata jedwali la elementi kuliko watu wanavyodhani.

Kabla yake, 1829, Mjerumani Döbereiner aliona kuna elementi zinakaa tatu tatu, tabia zinafanana halafu uzito wa ile ya kati ni kama wastani wa zile mbili za pembeni. Chukua lithiamu 7 na potasiamu 39, jumlisha, gawa kwa mbili, unapata 23, na sodiamu ndo hiyo hiyo 23! Ila nyingi hazikuingia humo, na uzito wa atomu wenyewe kila mtu alikuwa na wake mpaka Mwitaliano Cannizzaro alipowaelewesha wenzake kwenye mkutano wa wanakemia kule Karlsruhe, Ujerumani, 1860.

Sasa Newlands, London, miaka ya 1864 na 1865, akazipanga zote kwa uzito akazipa namba. Anzia lithiamu hesabu moja, beriliamu mbili, boroni, kaboni, naitrojeni, oksijeni, florini, ya nane ni sodiamu, ndugu yake lithiamu kabisa. Endelea tena hivyo hivyo unatua kwenye potasiamu. Akaiita sheria ya okteva, kama noti za muziki. Na ilikuwa ya nane kwa sababu neoni, inayokaa kati ya florini na sodiamu, ilikuwa bado haijagunduliwa.

Shida inaanza ukishapita kalsiamu, chuma kinaangukia safu moja na oksijeni na salfa, wapi na wapi? Kobalti na nikeli akazibana kwenye chumba kimoja. Alipoiwasilisha kwa wanakemia wenzake Machi 1866, mmoja wao, Foster, akamuuliza kama ameshajaribu kuzipanga kwa alfabeti. Kwangu mimi hilo lilikuwa swali la kuumiza tu, halikugusa kosa lenyewe, kwamba kwenye ile orodha yake kila nafasi aliijaza, hakuacha tupu kwa elementi ambazo bado hazijapatikana.

Mrusi Mendeleev 1869 akaacha mapengo kwenye jedwali lake, chini ya alumini akasema kuna kitu kinakuja, uzito kama 68, na 1871 akaongeza densiti kama 5.9. Mwaka 1875 Lecoq de Boisbaudran kule Ufaransa akaipata galiamu, ndo ile ya chini ya alumini, akapima densiti akapata 4.7, Mendeleev akamwambia hebu isafishe vizuri upime tena, na kweli ikatoka 5.9.

Newlands walikuja kumpa medali ya Davy 1887, miaka mitano baada ya Mendeleev na Meyer, Mjerumani aliyepanga elementi naye, kupewa yao.