Ganzi ya Mkono Usiku: Acheni Kuisingizia Damu

Wiki haipiti bila kuletewa mkono wenye ganzi ambao umeshachuliwa kwa mafuta ya moto, ukavishwa bangili ya shaba, na mwenyewe keshachomwa sindano za vitamini B. Maelezo ni yale yale: damu haitembei. Naomba leo tulimalize. Kama damu ingekuwa haifiki, mkono ungekuwa wa baridi na umepauka, mapigo kwenye kifundo yangekuwa hafifu, na kidole kidogo kisingesalimika peke yake. Mkono wako una joto, mapigo unayasikia, ila vidole vitatu vinawaka moto saa nane za usiku. Hiyo ni neva, yaani mshipa wa fahamu, iliyobanwa, na vidole vyenyewe vinasema imebanwa wapi.

Vidole vipi, basi? Wengi hujibu "mkono wote", maana usiku wa manane hakuna anayehesabu. Ukiamka leo, kabla hujaukung'uta mkono, gusa kidole kimoja kimoja. Dole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete iliyo upande wa cha kati, hiyo ni neva ya midiani, na imebanwa kwenye kifundo cha mkono. Kidole kidogo na ile nusu nyingine ya cha pete ni neva ya alna, ambayo mara nyingi hubanwa nyuma ya kiwiko, pale ukijigonga unapigwa shoti hadi vidoleni. Kidole cha pete kikigawanyika hivyo katikati, naamini kidole hicho kuliko maelezo ya mkono mzima. Ganzi ikishuka kutoka shingoni na kuzidi ukigeuza kichwa, achana na kifundo, tazama shingo.

Sasa kuchua. Kwenye kifundo, neva ya midiani hupita kwenye tundu jembamba lililozungukwa na mifupa na kufunikwa kwa utando mgumu, pamoja na kano tisa za kukunja vidole. Hakuna nafasi ya ziada mle. Kano zikivimba kwa kusuka nywele, kukanda unga, kushika mwiko wa saruji au kwa ujauzito tu, anayebanwa ni neva kwa sababu ndiyo laini kuliko wote. Halafu mtu anakandamiza hapo hapo kwa dole gumba, kwa nguvu zake zote, "ili damu ifunguke"! Anaongeza mbano juu ya mbano.

Kwa haki, damu haikosi kabisa kwenye kisa hiki. Mbano ukizidi, vimishipa vidogo vinavyoilisha neva hubanwa nayo, neva inavimba, na ukiendelea miezi mingi ganda lake huharibika. Ndiyo maana kukung'uta mkono kunaleta nafuu ya haraka. Lakini dawa ni kuondoa mbano.

Mbano unaondolewa kwanza kwa banzi la usiku, kifaa kigumu cha kufunga kifundo kisikunjike, na hapa ndipo watu wanapoharibu. Mabanzi mengi ya dukani yana bamba la chuma lililopindwa kuinua kiganja juu, nyuzi 20 hadi 30. Hilo halifai kwa neva ya midiani, kwa sababu mbano ndani ya tundu ni mdogo zaidi kifundo kikiwa kimenyooka. Chomoa bamba, lilaze kwenye ukingo wa meza, linyooshe, lirudishe. Ukivaa, mgongo wa kiganja na mkono viwe mstari mmoja. Ukingo wa mbele uishie kabla ya mikunjo ya kiganja, ili vidole vikunjike vyote. Kamba ziache kidole kimoja kipenye chini yake. Ukikaza zaidi, utaamka na ganzi mbaya kuliko ya jana. Vaa kila usiku kwa wiki sita. Mchana livue, mkono usikakamae. Wengi huacha usiku wa tatu, kisha wanasema banzi halifanyi kazi.

Kwa neva ya alna, funga taulo kuzunguka kiwiko usiku kisikunjike sana, na usiegemee kiwiko mezani.

Vitamini B husaidia aliyepungukiwa. Anayetumia isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, hupewa vitamini B6 kwa sababu dawa hiyo huipunguza mwilini. Lakini B6 nyingi kwa miezi nayo huharibu neva, kwa hiyo msizimeze kama njugu.

Sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, kwenye kifundo hutuliza kwa wiki au miezi. Ukianza kuangusha vikombe, au nyama ya chini ya dole gumba ikibonyea, usisubiri banzi. Utando ule mgumu unaofunika tundu la kifundo ukatwe kwa upasuaji. Neva huota tena takribani milimita 1 kwa siku, na iliyobanwa miaka mingi huenda isirudi yote.

Vipimo navyo vina mipaka. Kukunja kifundo kwa sekunde 60 kukikosa kuleta ganzi hakumwondolei mtu ugonjwa, na hata kipimo cha umeme wa neva hutoka safi kwa baadhi ya wagonjwa wa kweli. Mazoezi ya kutelezesha neva nayafundisha, taratibu, ingawa ushahidi wake ni mwembamba.

Miguuni, kwa haraka: mguu unaoburuta vidole baada ya plasta au kuchuchumaa muda mrefu, angalia neva iliyo nje kidogo chini ya goti, kwenye kichwa cha mfupa mwembamba. Paja linalowaka upande wa nje, legeza mkanda. Nyayo zote mbili kufa ganzi kama umevaa soksi si kubanwa. Pima sukari na VVU. Baka lililopauka lisilohisi, na neva nene kama kamba nyuma ya kiwiko, ni ukoma hadi uthibitishwe vingine, na dawa zake ni za bure.

Ganzi ya sehemu unayokalia, pamoja na mkojo kugoma au kutoka bila kujijua, ni hospitali siku hiyo hiyo, usiku huo huo.