Rangi ilikuwepo zamani sana

Jamani, kila nikitoa albamu ya harusi ya bibi, picha nyeusi na nyeupe za hapa hapa Mji wa Kale, lazima kuna mtu aseme eti enzi hizo picha za rangi zilikuwa hazijagunduliwa. Sivyo. Mwanasayansi James Clerk Maxwell alionyesha picha ya rangi London mwaka 1861, ya utepe tu, na 1907 kina Lumière, ndugu wawili wa Ufaransa, walishaanza kuuza sahani za kioo za rangi, halafu 1935 ikaja Kodachrome, filamu ya rangi ya kampuni ya Kodak. Shida ilikuwa bei, na pia ile ya nyeusi na nyeupe fundi aliisafisha mwenyewe chumba cha giza akachapa chini ya taa nyekundu, Kodachrome ilibidi ipelekwe maabara maalumu.

Wala si picha pungufu. Bibi kasimama mlangoni, ingekuwa rangi jicho lingekimbilia leso, sasa linatua kwenye hina ya mkono, nyeusi ti, na ule mlango wa nakshi nyuma yake, jua la saa kumi limechora kila ua. Watu wananiambia niitie rangi kwa programu, mimi hiyo siigusi.